Njia Anaichagua Sungura

Vumbi la shamba lililokwisha kuvunwa halina siri. Asubuhi moja ya Agosti, katika shamba la uwele nje kidogo ya Dodoma, nilikuta mbio nzima imeachwa ardhini kwa yeyote mwenye nafasi ya kuinama. Nyayo za sungura zilikwenda mafungu mafungu: mbili ndogo za mbele, kisha mbili ndefu za nyuma zimetua mbele ya zile ndogo, maana sungura akikaza mwendo miguu yake ya nyuma huipita ya mbele ndipo ikakanyaga. Nyuma yake zilifuata nyayo za mbwa, nzito, zenye nafasi kubwa kati ya hatua na hatua. Zote zilielekea vichaka vya korongoni. Halafu, pasipo na kisiki, jiwe wala kitu chochote ambacho jicho langu lingekitaja kuwa sababu, nyayo za sungura zilikatika na kuanza upya upande wa kushoto, karibu pembemraba. Za mbwa hazikukata. Ziliendelea mbele: mikwaruzo minne mirefu, kisha mahali papana palipofagiwa na ubavu, na pembeni yake tone jeusi lililokuwa damu. Hatua kadhaa mbele mbwa naye alikuwa amegeuka kushoto, ila sasa alikanyaga kwa miguu mitatu.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko mtu mwenye shughuli zake anavyopaswa kukaa. Kilichonishika si damu. Ni ile kona. Wapenda mpira wanayo kauli yake: mbwa alipigwa chenga. Na kama ilivyo kwa beki aliyelala chini huku mpira umekwisha kupita, mbwa yule hakuanguka kwa uzembe. Alianguka kwa sababu alikuwa akifanya kazi yake kwa nguvu zake zote. Angekimbia nusu nusu angebaki wima.

Tumezoea kuutazama uwindaji tukianzia kwa mtu. Mtu ana mbwa, mbwa ana meno, sungura ana hofu, na amri hushuka kutoka juu kwenda chini. Nyayo zilisema kinyume. Mbwa akishafunguliwa, mwenye amri ni sungura. Yeye ndiye achaguaye pa kupita na pa kukata, lini, na kwa upande upi. Mbwa humtii sungura, na mtu, akitweta kule nyuma na rungu lake begani, humtii mbwa. Hatari zote za uwindaji huu, nazo ni nyingi kuliko wanavyodhani wale wanaouona kuwa mchezo wa watoto wa machungani, chanzo chake ni hicho: unaingia kwa kasi ya kuua katika njia ambayo ameichagua mwingine, na mwingine huyo hakutakii mema.

Sungura wa nyika zetu si yule mweupe wa bandani anayetafuna majani ya kabichi. Yule wa bandani asili yake ni Ulaya, katika ukoo wa wachimbaji. Watoto wake huzaliwa vipofu, hawana manyoya, na hatari ikija kila mmoja hulikimbilia shimo. Huyu wetu hana shimo. Mchana hulala juu ya ardhi tupu, ndani ya kijibonde kilichochukua umbo la mwili wake chini ya kichaka, masikio yamelazwa mgongoni. Watoto wake huja duniani na manyoya yao na macho wazi, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuwasubirisha. Asiye na nyumba ya kukimbilia hana budi kuufanya mwili wake uwe nyumba. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa hata huona karibu pande zote bila kugeuza shingo; anakimbia mbele huku anamtazama aliye nyuma, anamsubiri afike karibu, karibu zaidi, na kona huikata wakati ambao mbwa hawezi tena kubadili nia. Hata anapokwenda kulala hafiki moja kwa moja. Hurudi juu ya nyayo zake mwenyewe, halafu huruka pembeni kwa mruko mmoja mrefu, ili mbwa atakayefuata harufu afike mahali ambapo njia imekwisha na hakuna mtu.

Wasimulizi wetu walimpa Sungura akili za kumhadaa Fisi na kumpeleka Simba kisimani. Zamani nilidhani ni faraja tu ya wanyonge, kwamba asiye na misuli alizuliwa ubongo ili watoto walale vizuri. Baada ya zile nyayo naona wasimulizi walikuwa wakitoa taarifa. Waliwahi kuchunga. Walimwona mdogo akimngoja mkubwa, kisha akimwacha aendelee na safari yake. Hata kwamba katika hadithi anayemshinda Sungura ni Kobe sasa naona ni jambo lenye mantiki yake: asiyekimbia hapigwi chenga.

Kuhusu mbwa, lazima niseme kwa utaratibu zaidi, kwa sababu mbwa wa mbio ni kazi ya mikono ya watu. Kwa maelfu ya miaka watu wamekuwa wakimchonga: greyhound wa Uingereza, saluki wa Uarabuni, azawakh wa Watuareg kule Saheli. Kifua kirefu kwa ajili ya moyo mkubwa na mapafu, kiuno kimebanwa, mgongo unaojikunja na kujinyoosha, damu iliyojaa chembe nyekundu kupita mbwa wa kawaida. Katika kila hatua ya mbio zake kamili miguu yote minne huacha ardhi mara mbili. Greyhound hufika kilomita 65 kwa saa, na sungura wa nyika naye yuko hapo hapo. Lakini kila walipomwongezea mbwa huyu kasi, walimpunguzia kitu kingine. Walimpunguzia mafuta chini ya ngozi, ngozi ikabaki nyembamba, na mwiba ambao mbwa wa kienyeji angeulamba na kuusahau humpasua yeye hadi nyama ionekane. Walirefusha mifupa ya miguu bila kuinenepesha. Na walimfanya mwindaji wa jicho, na jicho likishashika, sikio hufunga. Unaweza kumwita kwa jina, kwa mluzi, kwa sauti ya kumpasulia mwenyewe koo, hakudharau, hakusikii. Haoni pia waya, barabara, wala kisima kisicho na ukingo. Katika dunia yake yote kimebaki kitu kimoja chenye mkia mfupi.

Mbwa wa kienyeji wa Ugogo, huku Dodoma, si wa ukoo huo. Ni mfupi kidogo, ana ngozi ya kuvumilia, hunusa sawasawa na anavyotazama, na huenda kwa kundi. Ni mzito wa kasi, na naamini uzito huo ndio umemponya karne zote hizi. Hata hivyo hesabu ya kona humhusu naye. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ni mita 17 hivi. Sungura wa kilo 2 au 3 akikata pembemraba, hulipa bei ndogo. Mbwa wa kilo 30 akitaka kukata pale pale kwa kasi ile ile hulipa mara kumi, na malipo huchukuliwa begani, kwenye kifundo, kwenye kano za vidole, kwenye ile kucha ya pembeni isiyogusa ardhi siku za kawaida lakini huchimba na kung'oka siku ya kona. Damu niliyoiona huenda ilikuwa ya kucha hiyo. Ndiyo hatari ndogo kuliko zote.

Kubwa zaidi ni ardhi yenyewe. Shamba la Agosti kwa mbali ni tambarare, mahali pa kukimbilia pasipo wasiwasi. Lisogelee. Chini ya vumbi laini udongo umekauka ukawa sakafu, na mashina ya uwele yaliyokatwa kwa panga yamebaki yamesimama mshazari, yamechongoka, kimo cha kifua cha mbwa. Kuna mashimo ya muhanga ambayo ngiri na nungunungu wameyarithi. Sungura hapendi kuingia humo, hupita tu kandokando, na mguu wa mbwa ndio huingia. Kuna seng'enge ya shamba la mkubwa fulani ambayo sungura hupita chini yake bila kugusa uzi. Kuna kifutu aliyelala kichakani, nyoka ambaye hana desturi ya kukupisha. Kuna tanzi la waya lililotegwa kwa ajili ya digidigi na mtu aliyekwisha kulisahau. Na kuna rungu. Vijana wanne wanaporusha marungu kwa pamoja kwenye kitu kinachobadilisha njia kila sekunde, rungu moja lazima litafute wa kumpata, na mara nyingi ni mbwa, na safari nyingine ni goti la kijana wa upande wa pili. Mbwa wawili wakimfuata sungura mmoja kutoka pande mbili, sungura hukata, nao hukutana. Shingo huvunjika hivyo. Watu wa pwani husema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na wanayo majumba ya mawe yenye madari tambarare ya kuwafundisha. Sisi wa bara tuna mashamba. Ukingo wake hauonekani, nao huhama.

Halafu kuna joto, ambalo halivunji kitu wala halitoi damu, na kwa hiyo ndilo huua wengi bila kulaumiwa. Mtu hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Jasho lake ni la nyayo tu, na kazi yote ya kujipoza huifanya kwa ulimi na pumzi. Joto la mwili wake ni nyuzi 38 na kidogo akiwa ametulia, na mbio moja kamili humvusha 41. Alfajiri, kwenye umande, atahema na kurudi katika hali yake. Saa tano mchana, hewa nayo ikiwa moto, pumzi anayoivuta haimpozi, na bado akimwona sungura wa pili ataondoka. Hilo ndilo gumu kulieleza kwa asiyewahi kumfuga: mbwa huyu hana ndani yake kitu kinachosema basi. Atakimbia hadi misuli yake ianze kujila yenyewe. Jioni miguu inakakamaa, mkojo unatoka wa kahawia iliyokoza, figo zimeziba kwa mabaki ya nyama yake mwenyewe, na mwenye mbwa anasema amerogwa. Saluki wa Mabedui walikuwa wakipakiwa juu ya ngamia hadi karibu na windo, ili mchanga wa moto usizimalize nyayo zao kabla ya kazi. Nimewahi kusikia watu wakiicheka picha hiyo, mbwa juu ya ngamia na mtu anatembea. Mimi naona ni watu walioelewa nani anafanya nini.

Wala tusidhani sungura aliyeponyoka amepona. Naye ana misuli na ana moyo, na mbio za kupita kiasi huweza kumlaza kichakani saa chache baadaye bila jino kumgusa. Mkimbizi na mkimbizaji wanaweza kufa usiku mmoja, kila mmoja mahali pake, na asubuhi wa tatu akaamka salama, akanywa chai. Mkono mtupu haulambwi, husema wenye mikono. Mbwa hulamba hata mtupu. Huko nilikokulia nyama ya sungura iligawanywa kwa vijana, na mbwa alipewa utumbo na kichwa, akashukuru kwa mkia mzima.

Zipo hatari nyingine ambazo nitazipita haraka, si kwa udogo wake. Mbwa arudiye kutoka porini anaweza kuja na kichaa, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tena dawa; karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huo duniani hutokana na mbwa. Na mbwa aendaye porini anaweza kupeleka. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliua simba wa Serengeti wapatao 1,000, kama theluthi moja ya wote, na watafiti walielekeza macho yao kwenye mbwa wa vijiji vya jirani. Kisha ipo sheria. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania, katika sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, imewataja mbwa miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa kutumika kuwindia bila kibali cha maandishi. Wako wanaoona sheria hii inamwonea mnyonge mwenye mbwa wawili wakati mgeni mwenye bunduki ya gharama anapewa leseni na kiti cha kukalia. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini bunduki, ikikosa, imekosa; mbwa akimkosa sungura atamwona swala, na akimkosa swala atamwona mbuzi wa jirani.

Waingereza, watu wa kuandikia kila kitu kanuni, waliandikia hata hili. Kuanzia mwaka 1836 huko Altcar, karibu na Liverpool, palifanyika mashindano yaliyoitwa Waterloo Cup. Greyhound wawili walishikwa kwa ukanda mmoja na mtu ambaye kazi yake yote duniani ilikuwa kushika na kuachia. Sungura wa nyika alifukuzwa uwanjani, akapewa nafasi ya kutangulia, ndipo wakafunguliwa. Mwamuzi alifuata juu ya farasi akihesabu alama. Aliyemuua sungura hakuwa lazima mshindi. Alama zilitolewa kwa kasi na, zaidi ya yote, kwa kona: kila mara mbwa alipomlazimisha sungura kugeuka alihesabiwa. Hapo nacheka kidogo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kanuni ziliandikwa na wenye mbwa, kwa hiyo kona ikawa mali ya mbwa. Sungura angeandika kanuni, alama ile ile ingekuwa yake. Mashindano ya mwisho yalikuwa mwaka 2005, mwezi huo huo sheria ya kupiga marufuku uwindaji wa namna hiyo ilipoanza kufanya kazi Uingereza na Wales. Sheria hiyo iliwaacha nje panya na sungura wa mashimoni, ambao mkulima wa kule huwahesabu kuwa wezi wa mazao. Hao bado huwindwa kwa mbwa, mwenye ardhi akiridhia, mara nyingi usiku kwa tochi. Huko chenga ni ya namna nyingine. Sungura wa shimo hahitaji kumshinda mbwa kwa mbio ndefu, anahitaji tu kufika nyumbani. Mbwa ana sekunde chache, anashuka na mwale wa taa akiwa kipofu kwa kila kilicho nje ya mwale, na pembeni ya mwale ndipo waya wa miiba hukaa.

Kuna waliotaka kubaki na mbio wakaondoa sungura. Mwaka 1876, huko Hendon karibu na London, walimfanya sungura wa bandia, wakamvuta kwa mtambo juu ya njia iliyonyooka. Hatari iliondoka, damu iliondoka, na watazamaji wakaondoka pia. Mbio hizo hazikuwa na ladha: wa mbele ndiye wa mbele, basi, tangu mwanzo hadi mwisho. Iliwabidi wangoje hadi mwaka 1919, Mmarekani Owen Patrick Smith alipofungua uwanja huko Emeryville, California, wenye sungura wa mashine anayezunguka duara, na mwaka 1926 Manchester ikafuata. Safari hii umati ulijaa. Kilichokuwa kimeongezwa ni kona. Kona zenyewe zilipimwa, zikawekewa mchanga, zikajulikana na wote kabla, hakuna kiumbe aliyezichagua katika kufa na kupona kwake; lakini ni kona hata hivyo, na mwili wa mbwa haujui kama kona imechaguliwa au imechorwa. Greyhound wa viwanjani wamekuwa wakivunjika zaidi pale pale kwenye mapinda, na kwa kuwa karibu viwanja vyote huzungukwa kwa upande wa kushoto, upo mfupa mdogo wa mguu wa kulia wa nyuma ambao madaktari wa mifugo wamezoea kuukuta umepasuka. Walimwondoa sungura hai, chenga yake ikabaki uwanjani ikifanya kazi bila mwenyewe.

Nayo imesafiri. Ingia leo katika kibanda cha kubeti, Dodoma, Nairobi au Kampala, utawaona mbwa sita juu ya skrini, wamevaa namba, wakitoka kwenye visanduku kila baada ya dakika chache. Hawana pumzi. Ni mbwa wa kompyuta, hawajawahi kuzaliwa, na wanachokikimbiza hakijawahi kuwapo. Vijana wameketi kwenye viti vya plastiki na vikaratasi mkononi, macho hayapepesi, na ukimwita mmoja wao kwa jina, kwa ajili ya chakula au kwa ajili ya mama yake, hakusikii. Sipendi kuwahubiria, mtu asiye na kazi ana haki ya kutazama kitu kinachokwenda. Ila ni vigumu kukaa pale bila kujiuliza ni nani mwenye amri. Kijana amechagua namba, ameweka fedha, anaamini yeye ndiye anayekimbiza. Lakini kona iko ndani ya mashine, hukatwa na mwingine, kwa wakati autakao mwingine, na kijana huendelea moja kwa moja hadi mwisho wa mshahara wa kibarua chake. Mwaka 2022 Waingereza waliongeza adhabu za kukimbiza sungura wa nyika kwa mbwa, maana mchezo ule wa Altcar, ukiwa sasa wa wizi, umekuwa wa kubeti kwa simu. Kwa hiyo kule wanacheza kamari kwa sungura halisi kinyume cha sheria, na huku tunacheza kwa wasiokuwapo kwa leseni. Sijui kati ya hao wawili ni yupi anayekimbizwa vibaya zaidi.

Katika karne ya 2, Arrian wa Nikomedia, mtu wa vita na wa vitabu, aliandika juu ya uwindaji wa namna hii, akasema mwindaji wa kweli hatoki na mbwa ili amkamate sungura. Hutoka kwa ajili ya ushindani, na sungura akiponyoka hufurahi. Ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mtoto wa Ugogo katika mwaka wa njaa hawezi kufurahi hivyo, na kumlaumu ni ukatili. Lakini liko fundisho la pili, la karibu zaidi na majumba yetu, ambalo halihitaji shibe. Waislamu wameruhusiwa kula alichokamata mbwa aliyefundishwa, aliyetumwa kwa jina la Mungu, na sharti lililosisitizwa katika hadithi za Mtume ni kwamba mbwa awe amemshikia bwana wake. Akila katika windo, basi alijishikia mwenyewe, acheni. Wanazuoni wamelijadili kama jambo la halali na haramu, na hapo ndipo mahali pake. Mimi huwa najisomea ndani yake swali jingine, ambalo huenda halikukusudiwa: mbio hizi ni za nani? Ili mbwa ashike kwa ajili ya mwingine lazima awe amefundishwa kusimama, kwenda anapotumwa na kurudi anapoitwa, wakati maumbile yake hayana neno basi. Neno hilo analo mtu peke yake. Asipolitumia, hana mchango wowote katika uwindaji. Amebaki mtazamaji mwenye viatu.

Mzee mmoja wa upande wa Manyoni, ambaye siku hizi mbwa wake hulinda mbuzi tu, nilimuuliza ni nani alikuwa msasi bora katika ujana wao. Nilitegemea anitajie idadi ya sungura. Akanitajia mjomba wake, mtu aliyekuwa akitoka alfajiri na mbwa amefungwa kamba, na mara nyingi akarudi na mbwa bado kwenye kamba. Sungura alipita mbele yao, mbwa anatetemeka, vijana wanapiga kelele afunguliwe, naye yuko kimya. Na akilazimishwa kujibu, jibu lake lilikuwa fupi. Ardhi ngumu. Au: jua limepanda. Au: kule kuna waya. Siku aliyoona panafaa alifungua mara moja, na hakufungua tena hadi kesho yake.

"Walimcheka?" nikauliza.

"Walimcheka sana," mzee akasema. "Halafu kiangazi kikikolea, mbwa wao wote wanachechemea, wanakuja kwake usiku usiku kuazima."

"Akawaazima mbwa?"

"Mbwa?" Mzee alinitazama kama vile nimeomba mke wa mtu. "Aliwaazima kamba."